Uaminifu wa Damu

Wahenga walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lakini katika sehemu ya pili ya filamu The Godfather, iliyotolewa mwaka 1974, Michael Corleone, mkuu wa majambazi, anaamuru nduguye Fredo auawe, huku akidai kuilinda familia.

Hapa Tabora pia silaha ziliwahi kuzaa ujamaa. Rugaruga wa Mtemi Mirambo, wengine wao mateka na watoro, walipata kwake ukoo mpya. Mirambo alijenga dola; alipofariki mwaka 1884, ilidhoofika upesi, kwa kuwa utii ulifungamana na mtu, si sheria.

Basi, mwanafunzi, ukimficha ndugu mwizi, hujampenda. Uaminifu usiomjali jirani hatimaye humla ndugu.