Ujana wa Sindano

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kwa karne nyingi, waliothubutu kuikana kauli hiyo ya wahenga walikuwa waganga na watunzi wa hekaya. Lakini tarehe 5 Julai 1990, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapa utafiti uliowafanya watu wengi waamini kuwa moshi ule sasa waweza kurudishwa.

Daktari Daniel Rudman na wenzake, huko Marekani, waliwachunguza wanaume 21 wenye umri wa miaka 61 hadi 81. Kwa muda wa miezi 6, 12 kati yao walidungwa, mara 3 kila wiki, homoni ya ukuaji: ile itolewayo na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo hupungua kadiri umri unavyosonga. Wale 9 waliobaki hawakudungwa. Muda ulipotimia, waliodungwa walikuwa wameongezeka mnofu kwa asilimia 8.8 na kupungukiwa mafuta kwa asilimia 14.4. Wafanyabiashara hawakungoja zaidi. Utafiti wa watu 21 ukageuka tangazo, hata ilipofika mwaka 2003 jarida lile lile likalazimika kulalamika kwamba makala yake inatumiwa kuuzia watu matumaini.

Watetezi wa sindano hiyo wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Husema: mzee huvaa miwani, hutia meno ya bandia, huondolewa mtoto wa jicho, wala hakuna amwambiaye kuwa anashindana na majaaliwa. Kwa nini basi alaumiwe anayetaka kuurudishia mwili wake mnofu wa jana?

Jibu limo katika vipimo vyenyewe. Mwaka 1996 yalitoka matokeo ya utafiti mwingine, uliofanywa San Francisco kwa wanaume 52 wenye afya, wote wakiwa wamepita miaka 69. Waliodungwa homoni waliongezeka mnofu na kupungua mafuta, kama wale wa Rudman. Lakini walipopimwa nguvu za goti na za kiganja, hawakuwazidi wenzao waliodungwa dawa isiyo na kitu. Mapitio ya tafiti kadhaa yaliyotolewa mwaka 2007 yakathibitisha hayo: mnofu huongezeka kwa takriban kilo 2 na mafuta hupungua kwa kiasi kama hicho, ilhali miguu na mikono huvimba maji na viungo huuma.

Hapo ndipo miwani na sindano zinapoachana. Miwani humrudishia mtu tendo: aliyekuwa hasomi, sasa anasoma. Sindano hii humrudishia mzee asiye na maradhi sura ya tendo, na tendo lenyewe halirudi. Anayeinunua hununua kifua cha kutazamwa, na kwa kifua hicho hawezi kuinua zaidi ya alichokuwa akikiinua.

Historia ya dawa yenyewe inafundisha. Kabla ya mwaka 1985 homoni hii ilikamuliwa kutoka tezi za maiti. Ilikuwa adimu mno, ikigaiwa watoto ambao miili yao haikuitoa ya kutosha na hivyo hawakukua. Mwaka huo ilisitishwa Marekani, baada ya kugundulika kuwa baadhi ya waliotibiwa kwayo wamekufa kwa maradhi ya ubongo yasiyo na dawa. Na mwaka huo huo ikaidhinishwa ile itengenezwayo viwandani. Uhaba ulimlazimisha daktari kuuliza: nani anaihitaji? Wingi ukamruhusu muuzaji kuuliza: nani ana fedha? Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ilitaka kulirejesha lile swali la kwanza, kwa kuweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 5 kwa anayeigawa kwa matumizi yasiyoidhinishwa. Hata hivyo, biashara haikukoma.

Je, lau kesho ingepatikana dawa inayorudisha nguvu za kweli, ingekuwa haramu kuitumia? La. Bibi anayetamani kujitwika ndoo yake mwenyewe hana majivuno yoyote. Kupigana na udhaifu ni haki ya kila mwenye mwili. Kinachotia shaka ni kuukimbia uzee kana kwamba ni fedheha.

Kiswahili humwita aliyekula chumvi nyingi mtu mzima, na neno hilo hilo, mzima, ndilo la aliyekamilika na la asiye na ugonjwa. Lugha haikuona mgongano baina ya umri na ukamilifu. Lakini jina halitoshi. Jamii inayomwita mtu mzima kisha ikamtenga barazani, haimwulizi shauri wala haimpi kazi, haina haki ya kumcheka anapokwenda kununua ujana dukani. Amekwishafahamishwa kwamba asipoonekana kijana, hataonekana kabisa.