Kuamini Kazi ya Jana

Je, mtu apaswa kuliamini jibu lililohakikishwa jana, au ni wajibu wake kulitafuta upya kila siku? Swali hili la kale limepata makao mapya katika kazi ya watungaji wa programu za kompyuta.

Mwaka 1976 Stuart Feldman, katika maabara ya Bell huko Marekani, alitunga chombo kiitwacho Make. Mwenzake, Steve Johnson, alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu isiyokuwa na kosa. Alikuwa amekwisha kulisahihisha, lakini faili lile halikufasiriwa upya katika lugha ya mashine, na programu ikaendelea kutenda kama zamani. Make huzuia mkasa huo kwa kulinganisha nyakati. Faili la asili likiwa jipya kuliko zao lake, zao hutengenezwa upya. Likiwa la zamani, zao la jana huachwa lilivyo, na muda mwingi huokolewa. Lakini chombo hiki hujua yale tu kiliyoambiwa. Mtungaji akisahau kutaja kwamba faili hili lategemea lile, lile laweza kubadilika mara mia, nacho kitashuhudia kwa utulivu kwamba hapana lililobadilika.

Kwa hali kama hiyo ipo amri ya kulazimisha. Katika Make ya GNU huandikwa "make -B", na kila kitu hutengenezwa upya bila ya kuuliza. Wengi huisifu. Mimi naiogopa kidogo.

Nilimwagiza kijana mmoja niliyefanya kazi naye abadilishe kiwango cha ada katika programu yetu, kutoka 5 kwa mia hadi 7. Nilipoitengeneza programu kwangu, ikahesabu 5. Nilimkemea mbele ya wenzake. Akasema kwa adabu, "Mzee, nimekwisha badilisha." Kwa hasira, ili nimwumbue, nikatoa ile amri, programu ikahesabu 7. Nikanyamaza, kisha nikasema kwamba mashine ilikorofika, nasi tukaendelea na kazi.

Tazama amri ile ilivyonitendea. Ilinipa jibu la kweli, na papo hapo ikafuta alama zote za kosa. Zao lile la zamani lilikuwa shahidi pekee, nami nilimfukuza kabla ya kumhoji; nikabaki na jibu sahihi na dhamiri tulivu, ambayo sikuistahili.

Baadaye kiwango kilibadilika tena, na uongo ule ule ukarudi. Safari hii sikulazimisha. Nilisoma orodha ya mategemeo mstari kwa mstari, nikakuta faili la viwango halikutajwa. Orodha ile niliiandika mimi.

Yupo atakayesema: basi na tulazimishe kila siku. Huyo hajapata kungoja programu kubwa ikitengenezwa toka mwanzo. Tena atapata majibu sahihi daima bila ya kujua orodha yake ina pengo wapi. Bazel, chombo kilichotolewa na Google mwaka 2015, kimeshika njia nyingine: huweza kuifanya kila kazi mahali palipofungwa, ambamo faili lisilotajwa halionekani, na pengo hujitangaza lenyewe.

Niliutia mstari uliopungua, kisha nikaenda kumtafuta yule kijana. Nilimkuta pamoja na wenzake, na sikumwita kando.