Nguo ya Jina Kubwa: Bei Yake Inamfikia Nani?



Kila Idi inapokaribia, mazungumzo ya vyumbani kwetu hapa chuoni hugeuka kuwa ya nguo. Nani kaagiza kanzu Dubai, nani kapata viatu orijino, nani kavaa feki akidhani hatutaijua. Maustadhi hutukumbusha juu ya israfu, tunaitikia kwa vichwa, kisha kila mtu anarudi kwenye simu yake kuangalia bei. Sitaki kurudia mawaidha hayo, kwa sababu naona tumekuwa tukijibu nusu tu ya swali. Tunauliza kama inafaa Muislamu avae nguo ya bei ghali. Hatuulizi bei hiyo inamfikia nani, wala nguo yenyewe imepita katika mikono ya nani kabla ya kufika kwetu.

Nusu ya kwanza haina utata mkubwa. Dini haikumtaka mtu avae matambara ili aonekane mcha Mungu. Sura ya Al-A'raf inataka tujipambe tunapoiendea ibada, na papo hapo inakataza kupita kiasi. Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mtu anayependa nguo na viatu vyake viwe vizuri, naye akabainisha kuwa hilo silo kibri, kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Sayyidna Umar (r.a.) alivaa nguo yenye viraka hali ya kuwa ni khalifa, na Imam Malik alijulikana Madina kwa kuvaa vizuri. Hakuna anayemhukumu mmoja wao kwa vazi la mwenzake. Kwa hiyo anayesema kila nguo ya ghali ni haramu amejitungia sheria yake.

Ila nguo nzuri na nguo yenye jina ni vitu viwili. Uzuri unauona kwenye kitambaa, kwenye mshono, kwenye namna nguo inavyokukaa. Jina lipo kwa ajili ya macho ya wengine. Ukitaka kujua unalipia kipi, jiulize kama ungetoa pesa ileile endapo ile nembo ingeshonwa kwa ndani, mahali ambapo hataiona mtu. Wapo watakaosema ndiyo, na hao sina neno nao. Wengi wetu tungesita. Na wenzetu wa feki wasicheke: hadithi inayomfananisha mwenye kujionyesha kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo imekuja kama vile iliandikwa kwa ajili ya fulana zenye majina ya kuazima. (Dada zetu nao wasidhani wamesalimika. Abaya siku hizi zina chapa, na chapa zina bei.)

Sasa nusu ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Tuna dhana kwamba nguo rahisi ndiyo inayotokana na dhulma, na ya ghali imetengenezwa na fundi mzee wa Ulaya, mwenye miwani, anayelipwa vizuri na kushona polepole. Dhana hiyo ilipata pigo mwaka 2024 huko Milan, Italia. Mwezi Aprili mahakama ya mji huo iliiweka kampuni moja ya kundi la Giorgio Armani chini ya usimamizi wa mahakama, na mwezi Juni ikafanya hivyo kwa kampuni ya utengenezaji ya Dior. Makampuni hayo yenyewe hayakushtakiwa kwa kosa la jinai. Walilolaumiwa ni kutowasimamia wale waliowapa kazi. Wachunguzi walikuta karakana ndogo pembezoni mwa mji ambako wafanyakazi, wengi wao wahamiaji kutoka China, walilala mlemle walimofanyia kazi, na vifaa vya usalama vilikuwa vimeondolewa kwenye mashine ili ziende kasi. Nyaraka za kesi zilionyesha mkoba ambao karakana ililipwa euro 53 kuutengeneza, ukiacha gharama ya ngozi na mali nyingine, ukauzwa dukani kwa euro 2,600. Baadaye, mwaka 2025, mahakama iliondoa usimamizi kabla ya muda wake kwisha, na tuseme hivyo kwa insafu. Hesabu ya mkoba lakini inabaki palepale. Bei ya dukani ni karibu mara 49 ya malipo ya waliouunganisha. Ongeza ngozi, ongeza usafiri, ongeza pango la duka na matangazo. Bado utajiuliza zile nyingine zilikwenda wapi, na kwa nini hazikutosha hata kumpatia mfanyakazi mahali pa kulala mbali na mashine yake.

Tusikimbilie upande wa pili tukadhani urahisi una nafuu. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka huko Savar, karibu na Dhaka, na watu zaidi ya 1,100 wakafa, wengi wao wanawake waliokuwa wakishona nguo za bei ya kawaida kwa ajili ya maduka ya Ulaya na Marekani. Nyufa zilionekana siku iliyotangulia. Benki na maduka ya chini yalifungwa; washonaji waliamriwa warudi kazini. Kwa hiyo bei, iwe kubwa au ndogo, haituambii lolote kuhusu jasho. Mwenye kulipa sana hajanunua utulivu wa dhamiri, ingawa hilo ndilo anauziwa.

Hapa mwanafunzi wa fiqhi atanisimamisha, na ana haki. Atasema sheria haikuweka kikomo cha faida. Wauzaji na wanunuzi wakiridhiana, biashara imetimia, hata mkoba ukiuzwa mara mia. Nakubali. Sina ugomvi na faida. Ugomvi wangu uko mahali ambapo faida inapatikana kwa sababu mmoja anajua na mwingine hajui, au kwa sababu mmoja hana pengine pa kwenda. Imam Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa vya hariri mjini Kufa kabla hajawa yule tunayemsoma, na akaendelea kuwa hivyo. Inasimuliwa katika vitabu vya sira yake kwamba mwanamke alimletea nguo ya hariri akitaka kuiuza kwa mia. Akamwambia ina thamani zaidi. Mwanamke akapandisha, mia kwa mia, hadi mia nne, na Imam akawa bado anasema zaidi, mpaka yule mama akadhani anachezewa. Akaitwa mtu mwingine aitathmini, na Imam akainunua kwa mia tano. Inasimuliwa pia kwamba mshirika wake aliuza kitambaa chenye kasoro bila kumwonyesha mnunuzi, na Imam alipojua akaitoa sadaka thamani yake.

Mtu huyu alikuwa upande wa wenye kununua kwa bei ndogo. Ridhaa ya yule mwanamke alikuwa nayo tangu neno la kwanza, mia zilitosha. Hakuikubali, kwa kuwa ilikuwa ridhaa ya asiyejua. Nikiilinganisha na ile euro 53 naona kwamba kusema "walikubali wenyewe" si jibu lililokamilika kwa Muislamu. Mhamiaji asiye na karatasi atakubali chochote.

Je, dhambi hiyo inamfuata mnunuzi? Sidhani kwamba kila anayevaa shati ni mshirika wa dhulma. Tungekuwa uchi sote. Hatukukalifishwa kuchunguza kila uzi. Mtu mwenye faranga chache anayetafuta kitu cha kujisitiri ana dharura inayoeleweka. Lakini udhuru unapungua kadiri bei inavyopanda. Aliyelipa kwa hitaji anaweza kusema hakuwa na njia nyingine. Aliyelipa mara ishirini ya hitaji lake, kwa ajili ya jina tu, alikuwa na njia nyingi, zikiwemo za kuuliza. Ndiyo maana naona maustadhi wangetuhutubia kidogo zaidi juu ya haki ya mja. Israfu ni baina yako na Mola wako na utatubu. Ujira wa mtu uliokatwa una mwenyewe, naye atakuja kuudai.

Kuna na moto. Kampuni ya Burberry ya Uingereza, kwa hesabu za mwaka ulioishia Machi 2018, iliteketeza bidhaa za thamani ya zaidi ya pauni milioni 28 ambazo hazikuuzwa, ili zisiuzwe rahisi na jina likashuka. Lawama zilipozidi, ikatangaza Septemba mwaka huo kuwa imeacha. Sijui kama yupo mwenye duka huko Biryogo angeelewa akili hiyo, hata ukimweleza kwa lugha nne.

Kwetu Rwanda habari hii ina mkia wake. Nguo zilezile, zikishavaliwa Ulaya na Marekani, huja Afrika kwa uzito wa kilo, na sisi tunaziita caguwa, neno letu la Kiswahili "chagua" lililobadili kanzu. Mwaka 2016 serikali ilipandisha ushuru wake kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ili viwanda vya ndani vipate pumzi. Marekani ikajibu Julai 2018 kwa kusimamisha nafuu ya kuingiza nguo za Rwanda nchini mwake bila ushuru. Rafiki yangu mmoja husema caguwa ndiyo njia safi kuliko zote: kampuni haipati hata faranga, nguo haikutupwa, na shati la jina kubwa analivaa kwa bei ya chakula cha siku mbili. Hoja yake nzuri, nami nimeshindwa kuipangua yote. Ninachomwuliza ni kwa nini katika rundo zima mkono wake unaitafuta lebo kwanza, kabla ya kugusa kitambaa.

Mimi Idi hii nimepeleka kitambaa kwa fundi cherehani wa Nyamirambo. Alinitajia bei, nikataka kupunguziwa kama ada. Akaniambia uzi umepanda, umeme umepanda, na pango analipa kila mwezi, akanihesabia hadi faranga ya mwisho. Katika nguo zote nilizowahi kuvaa, hiyo ndiyo ya kwanza ambayo naweza kusema bei yake imekwenda wapi.