Haki ya Jirani Katika Kijiji Kinachopungua Watu

Amma baad. Katika darasa letu liliulizwa suala ambalo twaona lafaa kujibiwa hapa kwa faida ya wote. Katika kijiji kimoja cha mlimani, upande wa Nyeri, yuko bibi mzee, Mkristo, asiyejiweza. Wanawe wamehamia Nairobi, na nyumba iliyo karibu naye ni ya Muislamu. Je, kumtazama bibi huyu ni juu ya Muislamu huyo, au ni juu ya kanisa lake?

Kwanza ijulikane hali ya huko. Uislamu ulipanda milima ile pamoja na wafanya biashara, wapagazi na askari wa Kiswahili, zama Waingereza walipoweka boma lao Nyeri mwaka 1902. Mwaka huo huo mapadri wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a. Kisha Wapresbiteri wakaweka kituo chao Tumutumu. Tangu hapo watu wa dini mbalimbali wamekaa pamoja. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwakusanya Wakikuyu vijijini kwa nguvu. Leo vijana wanaondoka kwa hiari yao, kwani shamba la kahawa au chai likigawanywa kwa wana na wajukuu halitoshi kumlisha mtu. Hesabu ya mwaka 2019 ilipata watu 759,164 katika Kaunti ya Nyeri. Lakini hesabu hiyo haimpelekei maji mzee aliyebaki peke yake.

Sasa jawabu. Maulamaa wetu wa madhehebu ya Shafi wameligawa lililo wajibu mafungu mawili: fardhi aini, ilio juu ya kila mtu, na fardhi kifaya, ambayo wakiitimiza baadhi huwaondokea wengine. Kumwondolea dhara mwenye haja ni katika fungu hili la pili. Lakini wamesema pia kwamba akiwa hapana awezaye ila mtu mmoja, fardhi ile humwangukia yeye mwenyewe, kama sala yake.

Basi zingatieni, ndugu zangu. Kijiji kikiwa na watu mia, waweza kusema, "Wako wengine." Wakibaki kumi, neno hilo lapungua nguvu. Ukibaki wewe peke yako karibu na mlango wake, neno hilo ni uwongo. Kupungua kwa watu hakupunguzi wajibu, bali kwauzidisha kwa aliyebaki.

Atasema mtu, "Huyu si wa dini yetu." Sahaba Abdullahi bin Amri alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza mara mbili kama jirani yake Myahudi amepelekewa fungu lake, kwani alimsikia Mtume, rehema na amani zimshukie, akiusia jirani. Hatuambiwi tuchanganye ibada. Sisi tuna yetu nao wana yao. Twaambiwa tuchote maji, tuwashe moto, tumwite daktari.

Na la kusikitisha ni kwamba twatoa mali nyingi katika karamu za khitima za mtu aliyekwisha kufa, ilhali aliye hai ng'ambo ya ua alala na njaa. Tutaulizwa juu ya ua ule.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa majirani wema kabla hatujabaki wa mwisho. Amin.