Mahame ya Nani?

Kizanaki kina neno mwitongo, yaani mahameni, mahali palipokuwa na makazi ya watu kisha pakahamwa. Mwitongo wa Butiama ndiko alikolala Chifu Nyerere Burito, aliyefariki mwaka 1942, na ndiko alikozikwa mwanawe, Mwalimu, mwezi Oktoba 1999. Mgeni atokaye Musoma akitafuta huko kuta za kale za wazee wetu atazikosa. Nyumba zao zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Zilirudi ardhini zilikotoka.

Sasa mgeni huyo apite Bunda, ashike njia ya Serengeti hadi Ikoma. Huko atayakuta magofu ya ngome ya mawe iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Utawala wao haukudumu; vita ya 1914 hadi 1918 iliwang'oa. Lakini mawe yamebaki, na mgeni atapiga picha na kusema hapa ndipo penye historia. Historia ya nani?

Wapo wasemao magofu ya namna hiyo yabomolewe, maana ni alama ya kutawaliwa. Wengine hujibu kuwa kila kitu kikizeeka huwa urithi, nao hutoa mfano wa Wagiriki. Yapata mwaka 600 kabla ya Kristo, Wagiriki wa Phocaea walianzisha koloni ambalo leo ni jiji la Marseille, Ufaransa. Mwaka 1967, katika kuchimba msingi wa jengo la biashara, kuta za mji ule zikafumka. Wafaransa wakazihifadhi, wakafanya bustani, na sijapata kusikia Mfaransa anayewachukia Wagiriki kwa ajili hiyo.

Mfano ni mzuri, ila haunitoshi. Miaka 2,600 ni mingi mno. Nani huko anajua shamba la babu yake lilichukuliwa na nani? Ikoma ni juzi. Vitukuu wa watu waliotawaliwa kutoka katika ngome ile wangali hai, wanalima na kuchunga. Je, dhuluma husafika kwa kuzeeka, au ni kwamba wenye kudai wamekwisha kufa? Kama ni hilo la pili, tusiliite kusamehe.

Hata hivyo mimi nisingebomoa jiwe hata moja. Jina la mtawala limekwisha kuandikwa vitabuni. La mbeba mawe halikuandikwa popote, naye ushahidi wake ni ukuta ule tu. Kibao kikiwekwa pale, kimtaje yeye kwanza, tena kwa Kiikoma na Kiswahili.