Kukipima Kwanza Kipimo

Meremeto ya jua juu ya Lualaba, hapa Kongolo, ina mlalo wake. Mwanga unaotoka moja kwa moja kwenye jua hutikisika pande zote, lakini ukigonga maji kwa mshazari, sehemu kubwa ya ule unaoruka hutikisika sambamba na uso wa mto. Mwalimu wa fizikia mwenye miwani ya polaroidi anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake: atazame meremeto kupitia kioo kimoja, akizungushe polepole, nayo itafifia kisha irudi. Mlalo huo wa mtikisiko wanafizikia huuita polaraizesheni. Jicho la binadamu, bila kifaa, ni kama halina habari nao.

Eksirei nazo ni mwanga, wenye nguvu kubwa zaidi, na zina mlalo. Ila miwani haiziwezi, zinapenya tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwingereza Charles Barkla aligundua namna ya kuzikamata: aliziacha zitawanywe na kipande cha kaboni, kisha zitawanywe tena na kipande cha pili, akapima ni upande gani zinakwenda kwa wingi. Mwaka 1906 alikuwa na jibu: hazikutawanyika sawasawa, kwa hiyo zilikuwa na mlalo.

Miaka 100 baadaye, njia hiyohiyo ilitumika kwa uraniamu. Katika kituo cha GSI huko Darmstadt, Ujerumani, kuna njia ya mviringo yenye mzingo wa mita 108 iitwayo ESR. Humo atomu za uraniamu zilizovuliwa elektroni zote 92 huzunguka kwa kasi inayoweza kupita theluthi mbili ya kasi ya mwanga, zikikatiza mkondo mwembamba wa gesi. Kiini kikinyakua elektroni kutoka kwenye gesi, hutoa eksirei. Mwaka 2006 Stanislav Tashenov na wenzake walichapisha kipimo cha kwanza cha mlalo wa eksirei za aina hiyo, wakitumia kigunduzi cha jemaniamu kilichogawanywa vipande vidogovidogo.

Kinachonivuta zaidi ni kazi ya ndani ya kigunduzi hicho. Eksirei inaingia, inagonga elektroni kwenye kipande kimoja, inaacha sehemu ya nguvu yake, inaruka na kumalizikia kwenye kipande cha jirani. Nguvu zilizoachwa pande zote mbili zikijumlishwa, zirudishe nguvu ile iliyoingia. Zisipotimia, tukio hilo huwekwa kando. Mstari kati ya vipande viwili ndio ushahidi, kwa sababu eksirei hupendelea kuruka kwa pembe mraba na mtikisiko wake. Hupendelea tu, hailazimiki. Moja inaweza kuruka popote, na ukiiamini peke yake umepotea. Lazima zikusanywe nyingi, zihesabiwe kila upande, ndipo umbo lijitokeze.

Hata hapo kazi haijaisha. Vipande vya kigunduzi ni vya mraba, na jirani wa pembeni yuko karibu kuliko jirani wa kwenye kona. Kifaa chenyewe, basi, kina upande kinaoupendelea kabla hata eksirei haijafika. Ndiyo maana hujaribiwa kwa mionzi isiyo na mlalo wowote, au huzungushwa na kupimwa upya. Mpimaji anatafuta kwanza jinsi kifaa chake kinavyoelemea, anaandika kiasi chake, na anakitoa kwenye hesabu. Vivyo hivyo mama mnunuzi wa unga sokoni huligeuza kopo la muuzaji atazame kitako kama kimebonyezwa, kabla hajatazama unga.

Naupenda uadilifu huu, na ninaona tunauhitaji. Mkoa wetu wa Tanganyika umeumizwa na vita kati ya Baluba na Batwa, hasa mwaka 2016 na 2017. Vijiji vilichomwa, watu kwa maelfu wakalala kambini. Siku zile habari ya shahidi mmoja ilitosha kuamua nani adui. Ni wangapi kati yetu tuliosoma shule tulijiuliza masikio yetu yameelemea wapi, maana jirani wa karibu tunamsikia kuliko wa mbali? Swali hilo halimpi mtu hatia wala haki. Linampa muda, na mahali pengine muda ungeokoa nyumba.

Kuna jambo la pili, na hili ni la Kongo nzima. Uraniamu na jemaniamu hatukuzisikia kwanza kutoka Darmstadt. Mgodi wetu wa Shinkolobwe ulitoa madini yaliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima. Mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ulikuwa kati ya vyanzo vikubwa vya jemaniamu duniani katika miaka ya 1950, na mwaka 2024 mabaki meusi ya uyeyushaji wa madini, yaliyorundikwa kuwa kilima huko Lubumbashi, yalianza kutoa jemaniamu kwenda Ubelgiji. Kinshasa ilipata kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika mwaka 1959. Cha pili kilizimwa mwaka 2004. Tumekuwa chanzo cha mali, na mara nyingi tumepokea kutoka kwa wengine idadi ya kile kilichotoka kwetu.

Jemaniamu haionekani kwa macho ndani ya madini ya zinki. Asiyeweza kuipima huiuza kwa bei ya zinki, au huitupa pamoja na takataka, kama ilivyolala miaka mingi katika kilima kile. Kwa hiyo ninaposikia wazazi wakimshauri kijana aache fizikia kwa kuwa hapa haina kazi, nasikitika sana. Kazi ipo: kupima madini yanayotoka, kurudia kipimo cha mnunuzi kwa mkono wetu, na kuwa na ujasiri wa kuandika, kando ya kila namba, kifaa chetu wenyewe kinakosea kwa kiasi gani.