Barafu Iliyopigiwa Hesabu

Katika sehemu ya kwanza ya Dekalog, filamu kumi ambazo Krzysztof Kieślowski aliitengenezea televisheni ya Poland mwishoni mwa miaka ya 1980, mhadhiri wa chuo kikuu aitwaye Krzysztof anaiuliza kompyuta yake kama barafu ya bwawa la jirani itamhimili mwanawe Paweł. Anaingiza viwango vya baridi vya siku zilizotangulia, na jibu linatoka: barafu inaweza kubeba mtu mwenye uzito mara tatu ya huyo mtoto. Barafu inapasuka, Paweł anakufa maji. Kwa kuwa filamu hii imefungamanishwa na amri ya kwanza kati ya Amri Kumi, ile inayokataza miungu mingine, wengi huhitimisha kwamba baba aliabudu mashine, Mungu akamwadhibu.

Hitimisho hilo linamwonea baba na kumsingizia Mungu. Baada ya hesabu, Krzysztof anatoka usiku kwenye baridi kali na kuikanyaga barafu kwa miguu yake mwenyewe. Mwenye kuabudu hesabu asingejisumbua kuihakiki. Alifanya kile ambacho sayansi inadai: kadiria, kisha jaribu. Kosa lake, kama lipo, liko kwingine. Mapema, Paweł alipokuta mbwa amekufa nje na kuuliza kifo ni nini, baba alimweleza kuhusu moyo unaoacha kusukuma damu. Jibu ni sahihi kabisa, na mtoto hakutulia, maana hakuwa akiuliza habari za damu.

Shangazi yake Paweł, Irena, Mkatoliki, ndiye ushahidi mzito zaidi dhidi ya hitimisho hilo la adhabu. Paweł anapomuuliza kuhusu Mungu, Irena anamkumbatia, anamuuliza anahisi nini, na mtoto anapojibu kwamba anampenda, anamwambia Mungu yumo humo. Imani hiyo haikumkinga Paweł hata kidogo. Basi kama filamu ingekuwa inawasifu waumini na kuwakemea wasomi, mbona ingemwacha mpwa wa Irena azame?

Mtu atauliza, na ana haki: imani isiyokinga inafaa nini? Naona swali hilo linaitaka imani ifanye kazi ya kompyuta, itoe jibu la hakika kabla mguu haujakanyaga. Irena hakumwahidi mtoto usalama; alimpa kitu cha kweli pale pale mikononi mwake, na barafu ilipopasuka hakuna alichokisema kilichogeuka uongo. Sanamu inayokatazwa, kwa maoni yangu, ni dhamana yenyewe, iwe imetoka kwenye mashine au madhabahuni. Ndiyo maana baba, akiwa amevunjika moyo, anaingia katika kanisa ambalo bado linajengwa na kuipindua madhabahu. Nani atamlaumu? Lakini anachokidai pale ni kile kile alichokidai kwa kompyuta, na muumini anayeikimbia imani siku anapofiwa anadai hicho hicho, hata kama hajawahi kupiga hesabu ya barafu.